Mpumbavu, Mchonganishi na Ardhi Moja: Mithali, Qurani na Hekima ya Usambara

Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, aliacha nyuma yake ufalme ulioanzia milima ya Usambara na kushuka hadi karibu na pwani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Vugha, makao ya mfalme, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alimkuta mfalme ambaye amri yake ilitiiwa mbali na mji wake. Kimweri alikuwa amewaweka wanawe kuwa machifu huku na huku katika nchi, kila mmoja na mji wake na watu wa upande wa mama yake. Uhai wa baba ndio uliowafunga pamoja. Alipoondoka, kiti kikamwangukia mjukuu wake Shekulwavu, kijana, na ami yake Semboja hakuridhika. Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda bara. Bunduki zilimfikia yeye kwanza. Miaka kumi haikupita kabla hajamfukuza Shekulwavu kutoka Vugha, Wabondei wakaasi utawala wa Wakilindi, ukoo wa Kimweri, na nchi ikawa mawindo. Watu waliokuwa wakilima migomba yao walikamatwa, wakateremshwa pwani, wakauzwa.

Katika kisa hiki hakuna mpumbavu mkubwa. Semboja alikuwa mtu mwerevu, mwenye macho ya kuona biashara inakoelekea. Kuvunja nchi kunahitaji akili. Ndiyo maana ni kosa kumtia mpumbavu na mchonganishi kapu moja, kama tufanyavyo mara nyingi tunapoonyana juu ya watu wa kuepukwa. Huyu anasema asilolijua. Yule anajua vizuri analolisema, na anajua atamwambia nani. Biblia inawatenga, Qurani inawatenga, na wazee wa Usambara waliwatenga kwa njia yao. Nataka kuzisoma hekima hizi tatu kwa pamoja, kwa sababu milimani Lushoto zinaishi pamoja: msikiti na usharika wa Kilutheri katika mji mmoja, Mwislamu na Mkristo katika ukoo mmoja, na chini yao wote kumbukumbu ya Wakilindi. Nazisoma kwa swali moja: ugomvi ukiisha, nani amelipa?

Mithali na watu wake

Kitabu cha Mithali hakina mpumbavu wa aina moja. Yupo mjinga, ambaye hajafundishwa bado na anaweza kufundishika. Yupo mpumbavu mwenyewe, ambaye hapendi kuelewa, hupenda tu kutoa yaliyo moyoni mwake. Na yupo mwenye dharau, ambaye ukimrudi atakuchukia. Sura ya kwanza inawataja wote watatu katika mstari mmoja, na kitabu kizima baadaye kinawapa dawa tofauti. Mjinga apewe mafundisho. Mwenye dharau usipoteze maneno kwake. Mwondoe kikaoni, na ugomvi utaondoka naye.

Kwa mpumbavu, kitabu kinatoa amri mbili zinazopingana, tena zimewekwa mstari kwa mstari katika sura ya 26. Wa nne unakataza kumjibu kwa kadiri ya upumbavu wake. Wa tano unaagiza ajibiwe. Wakusanyaji wa kitabu hawakusahau walichokiandika mstari uliotangulia. Kila amri imepewa sababu yake: ukimjibu utafanana naye; usipomjibu atajiona mwenye hekima. Kila upande una hatari, na kitabu kinamwachia msomaji kazi ya kupima ipi ni kubwa kwa siku ile. Kama hasikilizwi na mtu, mwache. Kama vijana wamekaa wanamsikiliza na kuanza kumwamini, mjibu, kwa ajili yao.

Mchonganishi amewekwa mahali pengine kabisa. Sura ya sita inahesabu mambo saba yanayomchukiza Mungu: macho ya kiburi, ulimi wa uongo, mikono inayomwaga damu isiyo na hatia, na mengine. La saba, linalofunga orodha, ni mtu anayepanda fitina kati ya ndugu. Amekaa safu moja na muuaji na shahidi wa uongo. Na sura ya 26 inaeleza anavyofanya kazi: kuni zikikosekana moto huzimika, na asipokuwepo mchongezi ugomvi hutulia. Maana yake ni kwamba ugomvi mwingi usingeishi kwa nguvu zake wenyewe. Kuna mtu anayeulisha.

Kisa kinachoonyesha hekima hii ikitembea kimo katika 1 Samweli 25. Nabali ni tajiri wa kondoo na mbuzi, na jina lake lenyewe lina upumbavu ndani yake. Watu wa Daudi waliwalinda wachungaji wake nyikani. Siku ya kukata manyoya wanaomba chakula, naye anawatukana. Daudi anawaambia watu wake wajifunge panga, na wapatao 400 wanapanda pamoja naye, akiwa ameapa kutomwacha mwanamume hai katika nyumba ile hadi asubuhi. Kijana mmoja wa kazi anamkimbilia Abigaili, mke wa Nabali, na kumweleza hatari. Anaongeza kuwa bwana wao ni mtu asiyesemezeka.

Tazama anachokifanya Abigaili. Hamwendei mumewe. Anapakia juu ya punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, vishada vya zabibu kavu na mikate ya tini, anatanguliza watumishi, naye anafuata. Anakutana na Daudi njiani, anainama, anasema naye. Hamtetei Nabali, anakiri wazi kuwa ni mpumbavu. Anachomwomba Daudi ni asije akabeba damu moyoni mwake siku atakapokuwa mtawala. Aliporudi alimkuta mumewe amelewa, hakumwambia neno mpaka kulipokucha. Wangekufa watu ambao hawakumtukana mtu yeyote: wachungaji, wapishi, vijana wa kazi. Abigaili aliwaona hao. Upumbavu wa Nabali aliuacha kwa Nabali, akashughulika na hatari iliyowaelekea wengine.

Qurani na mpeleka habari

Qurani nayo inamwachia mjinga nafasi ya kupita. Sura ya Al-Furqan inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wajinga wakiwasemesha, hujibu kwa maneno ya amani. Al-A'raf inamwagiza Mtume ashike kusamehe, aamrishe mema, na ajiepushe na wajinga. Huyu ni ndugu wa mpumbavu wa Mithali, na dawa yake inafanana: usiugeuze ujinga wake kuwa vita yako.

Mpeleka habari hapewi nafasi hiyo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inawaamuru waumini wakijiwa na mtu fasiki na habari, wachunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kisa cha mjumbe aliyetumwa kwa kabila la Banu Mustaliq kukusanya zaka. Aliogopa njiani, akarudi, akatoa habari kwamba wamekataa kutoa. Nusura jeshi litumwe, hadi wenyewe walipofika kueleza kwamba walikuwa wametoka kumpokea. Kabila zima lilikuwa hatarini kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Hapa pia wanaokaribia kulipa ni watu ambao hawakuwamo kwenye maneno.

Aya za 11 na 12 za sura hiyo hiyo zinakata mizizi ya fitina: dhihaka, majina ya kubandikana, dhana mbaya, upelelezi, kusengenya. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, mwenye kuhamisha maneno ili kugombanisha watu ameonywa kwamba hataingia Peponi. Lakini Hadithi nyingine katika vitabu hivyo hivyo inasema kwamba anayepatanisha watu, akapeleka neno la heri kutoka upande huu hadi ule, hahesabiwi kuwa mwongo. Ukizisoma pamoja unaona jambo ambalo Mithali inalidokeza tu: mchonganishi na msuluhishi wanafanya safari ile ile. Wote wawili wanabisha hodi katika nyumba mbili zisizosemezana. Kinachowatofautisha ni mzigo waliobeba.

Biblia na Qurani zinakutana pia kwa Daudi. Katika Samweli anaapa kwa hasira kabla hajasikia neno la pili. Katika sura ya Sad, aya ya 21 hadi 26, watu wawili wanaruka ukuta na kumwingilia nabii Daudi. Mmoja anasema ndugu yake ana kondoo 99, naye anaye mmoja tu, na huyo mmoja anatakwa. Daudi anaamua papo hapo, kisha anatambua kwamba amejaribiwa, anaanguka kusujudu. Wafasiri hawakubaliani juu ya kosa lake, lakini wapo wanaosema ni hili: alihukumu kabla ya kumsikia yule wa pili. Mithali 18:17 inasema jambo hilo kwa njia yake: anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Vitabu vyote viwili vinamwonya mfalme juu ya sikio lake, kwa sababu mchonganishi hana nguvu isipokuwa ile anayopewa na sikio la mwenye mamlaka.

Nguvu kwa nguvu

Hekima ya Usambara haikuandikwa katika kitabu kitakatifu. Sehemu yake imehifadhiwa katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyeishi kwa Semboja na baadaye akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake kilichapwa na misheni ya Waanglikana huko Magila. Kwamba historia hii iliandikwa na Mwislamu na kuchapwa na Wakristo ni sifa ya nchi yenyewe. Sehemu nyingine ilisikilizwa na mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara na kuandika vitabu viwili vikubwa, kimoja mwaka 1974 na kingine mwaka 1990.

Wazee walimweleza Feierman kwamba nchi ina hali mbili. Kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, mvua zinyeshe na chakula kipatikane. Na kuna kubana shi, kuiharibu. Wenye nguvu za mvua wanaweza kufanya lolote kati ya hayo. Mfalme mmoja akiwa amewazidi wote, nchi hupona, kwa kuwa nchi ni yake na njaa yake ni hasara yake. Lakini wenye nguvu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, mmoja anaita mvua na mwingine anaizuia, na jua linaunguza shamba la mtu asiyemjua hata mmoja wao. Methali ya Kiswahili inasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wazee wa Usambara waliifanya hoja hiyo kuwa nadharia kamili ya utawala. Miaka iliyofuata kifo cha Kimweri iliithibitisha mbele ya macho yao.

Tofauti na vitabu vile viwili iko hapa. Biblia na Qurani zinaanza na moyo na ulimi wa mchonganishi, na adhabu inayomngoja kwa Mungu. Wazee wa Usambara wanaanza na shamba. Hawaulizi sana mgomvi ana nia gani. Wanauliza ugomvi wake umeifanya nini nchi. Ni kipimo kikali, kwa sababu kinamkamata hata mtu mwenye haki yake anayeidai kwa namna inayowaua wengine kwa njaa.

Mwisho wa njia: kutenga au kubaki

Hekima zote tatu zinaafikiana kwamba mchonganishi asikilizwe ana kwa ana, aonywe, kisha azuiwe. Zinatofautiana juu ya hatua ya mwisho.

Agano Jipya linafikia kutenga. Mathayo 18 inaweka ngazi: mwendee peke yako, kisha na mashahidi wawili watatu, kisha lipeleke kanisani, na asiposikia hapo awe kama mtu wa nje. Waraka kwa Tito, sura ya tatu, unamtaja mtu wa mafarakano waziwazi: aonywe mara ya kwanza na ya pili, kisha akataliwe. Misheni ya Bethel ilipofika Mlalo mwaka 1891 ilikuja na nidhamu hii, na hadi leo Mlutheri anajua maana ya kutengwa. Anajua pia maana ya kurudi kundini, na hilo la pili lisisahauliwe, kwani Paulo anawaonya Wathesalonike wasimhesabu aliyetengwa kuwa adui, bali wamwonye kama ndugu.

Qurani inaweka wajibu mwingine. Al-Hujurat 9 na 10 inasema makundi mawili ya waumini yakipigana, yapatanisheni. Moja likilidhulumu jingine, lipigeni vita hadi lirejee. Likirejea, patanisheni kwa uadilifu, kwa maana waumini ni ndugu. Hapa hakuna ruhusa ya kukaa pembeni. Aliye nje ya ugomvi anaitwa aingie, amshike mkono mdhalimu, kisha akae chini na wote wawili.

Waswahili wa pwani wana usemi unaoelekea upande mwingine: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ni usemi wa busara kwa ugomvi mdogo wa nyumbani. Atakayejitia kati leo, kesho ndugu watakuwa wamepatana naye amebaki adui wa wote. Lakini hautoshi milimani, na sababu yake inaonekana shambani.

Chukua mgogoro wa mpaka, ule wa kila msimu. Mashamba mawili yamelala kwenye mteremko, moja juu ya jingine, mahindi na maharage juu, kabichi chini. Mpaka ni safu ya masale. Asubuhi moja masale mawili hayapo. Mwenye shamba la juu anasimama kwenye ukingo na kumtukana jirani hadi wapita njia wanasikia. Huyo ni mpumbavu, na matusi yake yataisha na jua. Lakini jioni kuna mtu wa tatu anayeingia nyumba ya juu na kusema, nimemsikia akisema hata babu yako alilinyang'anya lile shamba. Anatoka hapo, anapita kwa wa chini na neno jingine. Baada ya wiki mbili mtaro wa maji hausafishwi, kwa kuwa unapita mpakani na kila mmoja anamwachia mwenziwe. Mvua kubwa ikija, udongo wa juu unaondoka na kabichi za chini. Watoto wa nyumba zote mbili wanakosa ada ya shule.

Kujitenga hapa hakuwezekani. Mtu anaweza kuhama usharika. Hawezi kuhama mteremko. Maji ya juu yatamfikia wa chini, wapende wasipende. Wazee wenye busara wanachokifanya ni kuwaita wote watatu mahali pamoja na kumwambia mleta maneno arudie, neno kwa neno, mbele ya hao aliowapelekea. Wachonganishi wengi hushindwa hapo. Ni amri ya Al-Hujurat ya kuchunguza na ngazi ya pili ya Mathayo, zikitendwa chini ya mti mmoja. Sheria ya Tanzania nayo imesogea upande huo: tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndipo shauri lipande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wa baraza wanaolalamika kwamba wamenyang'anywa meno wakumbuke kwamba waliachiwa kazi iliyo ngumu zaidi ya kuhukumu.

Nani anambandika nani jina

Kuna hatari moja ambayo mahubiri juu ya watu wa mafarakano huipita haraka. Jina la mchonganishi ni silaha, na wenye nguvu ndio wanaolishika kwanza. Mfalme Ahabu alipokutana na Eliya wakati wa ukame, alimwita mtaabishaji wa Israeli. Eliya alimrudishia: mtaabishaji ni wewe na nyumba ya baba yako. Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, kwa masimulizi yao wenyewe aliitwa kigego kwa namna meno yake yalivyoota, ndugu zake wakamnyima urithi wakisema ataleta maafa, na akaondoka Nguu kama mtu wa balaa. Usambara ilimpokea kwa sababu aliwagawia nyama ya nguruwe mwitu na akaamua mashauri yao kwa haki. Aliyefukuzwa kama mharibifu ndiye aliyekuja kuiponya nchi.

Karne ya 20 ina mfano wake. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo, na baadaye sehemu nyingine za Usambara, kulima matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Waliokataa walishtakiwa na kuhesabiwa wachochezi. Wao walisema kwamba wanaoibana nchi ni wale wanaolazimisha matuta. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini amri iliyowekwa bila kuwasikiliza wenye majembe ilivunjika katika miaka ya 1950. Wale walioitwa wavunja umoja walikuwa wakitetea saa za kazi za mama zao na chakula cha watoto wao. Miongo michache baadaye, SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko, uliingia Lushoto na mistari ya majani na miti shambani.

Hapa ndipo kipimo cha wazee wa Usambara kinapovisaidia vitabu. Anayesema jambo chungu akitaka haki ya wanaoumia si mchonganishi, hata kikao kikivunjika kwa sababu yake. Anayesema maneno matamu katika nyumba mbili huku mtaro ukiziba ni mchonganishi, hata kama kila mtu anampenda. Pima kwa hali ya mtu wa tatu: mchungaji wa Nabali, Banu Mustaliq ndani ya nyumba zao, mkulima aliyeuzwa pwani kwa ugomvi wa kiti asichokigombea, mtoto asiye na ada.

Kwa hiyo mchungaji, sheikh, mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa ukoo wana kazi tatu, na mpangilio wake usibadilishwe. Mpumbavu aachwe apite, isipokuwa anapowapoteza wanaomsikiliza. Mleta maneno arudie maneno yake mbele ya aliowasema. Na kabla hawajambandika mtu jina la mfarakanishaji, waende kwanza kwa yule anayeumia ambaye hajaitwa kikaoni, wamwulize anaumizwa na nani. Wakimkuta analia kwa sababu yao, basi jina wanalotaka kumpa mwingine ni lao, kama lilivyokuwa la Ahabu.